Mwembe wa Bibi na Status Yangu



Nimepangiwa kuandika juu ya Amri ya Nane. Ningeweza kuanza na maana ya neno "hukumu", maana miaka mitatu ya falsafa imenizoesha kuanza na maana ya maneno hata ninapoagiza chai. Lakini leo naanza na status yangu ya WhatsApp, kwa sababu amri hiyo sikuielewa darasani. Niliielewa pale.

Nilikuwa kwenye mwaka wangu wa kichungaji, parokia moja huku Mpanda. Jumapili moja nilifuatana na katekista kwenda kigango kilichoko ndani ndani, sisi wawili nyuma ya bodaboda, mkoba wa vitabu vya ibada katikati yetu. Baada ya ibada tukapitia kwa bibi mmoja mjane, mwanajumuiya wa siku nyingi, anayeuza maandazi asubuhi. Katekista akawa anaongea naye habari za zaka, mimi nikasogea kwenye mwembe ulioko pembeni ya uwanja wake kutafuta kivuli.

Kwenye gome, usawa wa kifua changu, palikuwa na baka la kijivu lililofifia, kama mtu alipaka chokaa zamani ikachakaa. Ukubwa wake ni kama kiganja kilichofunguliwa. Na juu ya baka lile kulikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kuliko punje ya mtama, vingi sana. Wekundu wake haukuwa wa kutu wala wa udongo. Ulikuwa wa damu mbichi.

Sisi tuliokulia kwenye miombo ya Katavi hatushtuki kuona mti ukitoa kitu chekundu. Mninga ukiutia panga unachuruzika utomvu kama damu, kila mtoto anajua. Lakini ule ulikuwa mwembe, na hakuna aliyekuwa ameukata. Nikapiga picha, karibu kabisa. Tukiwa njiani kurudi mtandao ukashika, nikaweka status: "Mwembe unatoka damu. Mpanda hii hii." Nikaongeza na vile vikatuni vya macho yaliyotumbuka. Nilikuwa natania. Watu wa Katavi na Rukwa tumezoea kutaniwa habari za uchawi (mpaka 2012 tulikuwa mkoa mmoja, kwa hiyo utani wa Sumbawanga unatuhusu na sisi), nami nikaona na mimi niutumie huo utani mara moja.

Jibu la kwanza lilikuwa la kicheko. La pili lilisema, "Frateri, hapo si kwa bibi wa maandazi?" Nikajibu, "Hapo hapo." Maneno mawili tu.

Sikujua kwamba wiki mbili nyuma, nyumba ya jirani yake walimzika mtoto. Homa ya siku nne. Kufikia Jumatatu usiku picha yangu ilikuwa kwenye makundi nisiyoyajua, na chini yake maelezo ambayo sikuyaandika: kwamba ule mti unavuja kila mtoto anapokufa. Jumatano jumuiya ilikuwa zamu ya kusali kwa bibi. Kwa kawaida huja watu zaidi ya ishirini. Walikuja wanne, katekista akiwa mmoja wao. Usiku ule ule mtu akarusha mawe juu ya bati lake.

Asubuhi katekista akanifuata parokiani. Hakukaa.

"Frateri, ile picha ya mwembe ni ya kwako?"

"Ni yangu, mzee."

"Basi uje uone ilikofika."

Naomba msomaji wa mjini anielewe kwa nini mzee yule hakukaa. Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kutajwa kuwa wachawi, na moja ya "dalili" zilizotumika ni macho mekundu. Mwanamke anayepika kwa kuni, au kwa samadi pale ambapo kuni hamna, kwenye jiko lisilo na dirisha kwa miaka hamsini, macho yake yatakuwa mekundu tu. Ni moshi. Bibi yetu anaamka saa tisa usiku kuchochea kuni za maandazi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo iko tangu 1928, inamtia hatiani hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na si mchawi peke yake. Mimi sikumtaja bibi. Niliweka tu picha, nikasema "hapo hapo".

Nilichofanya kwanza ni kufuta ile picha kwenye simu yangu. Nikajisikia nafuu kidogo, kama mtu aliyefagia takataka akazisukuma chini ya kitanda. Halafu nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza nikiwa chini ya mwembe: hiki kitu ni nini?

Nilirudi na katekista siku ile ile. Nikamwagia baka maji ya chupa, likageuka kutoka kijivu kuwa na ukijani kwa mbali. Vidoa vyekundu havikuyeyuka wala kuchafua kidole. Nikakwangua pembeni kwa ukucha, taratibu. Chini ya ngozi ile ya kijivu kulikuwa na tabaka la kijani kibichi kabisa. Katekista akainama, akatazama, akasema, "Kumbe lina uhai." Nikapiga picha nyingine, safari hii kwa utulivu, nyingi, na sarafu pembeni ya kuonyesha ukubwa, nikamtumia rafiki yangu aliyesoma botania.

Alinijibu jioni kwamba ile ni kuvumwani. Jina lenyewe limeshasema: kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Kuvu hujenga nyumba, hushika unyevu na kukinga jua kali. Mwani, kwa kuwa una ukijani, hupika chakula kwa mwanga. Kuvumwani hainyonyi mti. Mti kwake ni kama ukuta wa kuegemea, na ndiyo maana utaikuta hata juu ya jiwe. Vile vidoa vyekundu ni sehemu ambamo kuvu hutengenezea spora zake, yaani mbegu zake. Mnazifahamu kuvumwani pasipo kujua. Karatasi ya litmasi mliyoichovya kwenye asidi maabara ya sekondari, rangi yake asili yake ni kuvumwani. Na pwani yetu, karne ya 19, watu walikwangua kuvumwani kwenye miti, wakaiita marere, ikapakiwa majahazini na kusafirishwa toka Zanzibar kwenda Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau.

Nikamuuliza rafiki yangu jina kamili. Hapo ndipo aliponifundisha bila kujua. Akasema kuna kitabu kikubwa cha kuvumwani za Afrika Mashariki, cha Swinscow na Krog, cha 1988, lakini kinahusu zile za majani na za vichaka. Ya kwako ni ya gamba, imegandamana na gome, haimo. Kwa sura ya vidoa, vyekundu katikati na ukingo wa kijivu, naweza kusema ni jenasi ya Haematomma. Aina ipi hasa, siwezi. Inatakiwa hadubini na kupimwa kwa kemikali. "Hapo ndipo ninapoishia," akaandika.

Hapo ndipo ninapoishia! Mtu mwenye digrii ya mimea, ametumiwa picha kumi na moja za gamba la mti, anakataa kusema neno moja zaidi ya alichokiona. Na mimi, kwa picha moja na kwa sekunde chache, nilishasema "damu".

Hilo jina nalo lilinikalisha kimya. Kigiriki changu ni kidogo, lakini hicho kidogo kilitosha: haima ni damu, omma ni jicho. Wataalamu waliiita hiyo kuvumwani jicho la damu kwa sababu ya ule wekundu, na hakuna aliyeiogopa.

Msidhani wanasayansi ni malaika katika jambo hili. Kwa muda mrefu walidhani kuvumwani ni mmea mmoja kama mmea mwingine wowote. Mwaka 1867 Mswisi Simon Schwendener aliposema kwamba ndani yake kuna viumbe wawili, mabingwa wa fani ile, akiwemo William Nylander, walimpinga vikali. Leo anafundishwa yeye. Halafu 2016 Toby Spribille na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye ngozi ya kuvumwani nyingi kuna na mwenzi wa tatu, kuvu wa jamii ya hamira. Karibu miaka 150 baada ya Schwendener, kitu ambacho kila mtu amekipita njiani bado kilikuwa kinafichua wakaaji wake. Hamira, jamani, ingawa si ile inayoumua maandazi ya bibi.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Mtakatifu Thoma wa Akwino analigusa kwenye Summa, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 60, mahali anapozungumzia hukumu. Anauliza kama mashaka yafasiriwe kwa upande wa wema. Anajibu kwa kutofautisha vitu viwili ambavyo mimi nilivisoma, nikavifanyia mtihani, nikavisahau. Kuhukumu vitu ni jambo moja, na kuhukumu watu ni jambo jingine. Ukihukumu kitu, chenyewe hakipati faida wala hasara kwa hukumu yako. Kwa hiyo lengo lako liwe moja tu, kukiona kilivyo. Kuvumwani haitahuzunika nikiiita damu. Lakini ukimhukumu mtu, unagusa heshima yake hapo hapo: ukimdhania mema anaheshimika, ukimdhania mabaya anadharauliwa. Kwa hiyo penye mashaka kuhusu mtu, Thoma anataka mizani ilalie upande wa wema mpaka kuwe na sababu ya wazi ya kinyume chake. Anakwenda mbali zaidi. Anasema ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema.

Nilipokuwa darasani niliona hilo ni ulegevu. Nikamwambia mwalimu kwamba ukweli ni ukweli, hauna upendeleo, awe mtu au jiwe. Sasa naona nilikuwa sijaelewa mashaka ni nini. Thoma hasemi tufumbe macho penye ushahidi. Anasema juu ya pale ambapo ushahidi haupo, ambapo moyo wenyewe ndio unaojaza nafasi. Na moyo una tabia ya kujaza kwa kile ulicho nacho: hofu, wivu, machungu ya msiba. Katekisimu nayo, namba 2477, inasema mtu ana hatia ya hukumu ya pupa hata akiyakubali mabaya ya jirani kimoyomoyo pasipo msingi wa kutosha. Kimoyomoyo. Hata status hujaweka.

Vijana wa kigango walinibana nilipowaambia haya. Mmoja akauliza waziwazi, "Frateri, kwani uchawi haupo?" Najua wapo wanaosubiri nilijibu hili kwa ndiyo au hapana. Kanisa linakataza uchawi, soma Katekisimu namba 2117, na halikatazi kwa mzaha. Nia ya kumdhuru mwenzako kwa nguvu za giza ni dhambi kubwa. Lakini swali la kijana yule halikuwa linahusu uchawi. Lilikuwa linahusu bibi. Hata ukiamini kwamba wachawi wamejaa wilaya nzima, bado hujapata sababu hata moja ya kusema yeye ni mmoja wao. Watu wanaruka kutoka "upo" mpaka "ni fulani" kama vile hakuna kitu katikati, na katikati ndipo mahali panapopita roho ya mtu.

Nilikuwa na hoja moja nzuri, na niliipenda mno. Kuvumwani za gamba hukua polepole sana, wengi wa jamii hiyo ni milimita chache tu kwa mwaka. Baka lenye ukubwa wa kiganja lina miaka mingi. Mtoto amefariki wiki mbili zilizopita. Kwa hiyo baka halina uhusiano na kifo. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, katekista aliwaomba watu tutembee pamoja mpaka kwa bibi, naye bibi akakubali. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, wengine wakasimama mbali njiani. Nikamwaga maji, nikakwangua, nikaonyesha kijani, nikasema habari za milimita. Nikakiri mbele yao kwamba picha ile ni yangu na maneno yale ni yangu, na kwamba niliyaandika pasipo kujua ninachokiona.

Baba wa yule mtoto alikuwepo. Hakusema kitu. Alisogea, akakwangua kidogo kwa ukucha wake mwenyewe, akatazama kijani kwenye kidole, akajifuta kwenye suruali, akaondoka. Sijui aliondoka na nini moyoni na sina haki ya kukisia. Yule alikuwa anatafuta sababu ya kifo cha mwanawe, mimi nilikuwa nimempa ya uongo, na siku ile nimemnyang'anya hata hiyo.

Usiku ndipo hoja yangu nzuri ilipoanza kunisumbua. Nilijiuliza: je, kama baka lile lingekuwa jipya? Kama lingekuwa ni kitu ambacho rafiki yangu hakijui, hakimo kitabuni, kimetokea wiki ile ile aliyokufa mtoto? Nisingekuwa na milimita za kumtetea bibi. Je, mawe yangekuwa halali? Hapana. Lakini mkutano wetu wa chini ya mwembe ulikuwa umewaambia watu, bila kusema, kwamba bibi hana hatia kwa sababu frateri ameitambua kuvumwani. Kesho kitatokea kitu kingine ambacho frateri hakitambui. Bundi. Ng'ombe aliyekufa zizini. Na tumewafundisha kwamba heshima ya mtu inasubiri majibu ya maabara. Ndiyo maana Thoma hakuishia kwenye kuvitazama vitu kwa makini. Kwa vitu, tazama mpaka ujue. Kwa mtu, hata kabla hujajua, tayari unadaiwa. Nilikuwa nimelipa deni la kwanza kwa kishindo, mbele ya watu, na la pili nilikuwa sijaligusa.

Nikaenda kuungama. Sitasema ya kwenye kitubio, ila padri alinikumbusha jambo ambalo liko Katekisimu namba 2487: aliyeharibu jina la mtu anadaiwa malipizi, si msamaha tu. Kama umeharibu hadharani, tengeneza hadharani, kwa kadiri inavyowezekana. Nikaandika maelezo, nikayatuma kwa kila kundi nililoweza kulifikia, na picha ya ukijani. Yalisomwa na watu wachache sana. Mnajua wenyewe kinachotembea mtandaoni na kisichotembea.

Halafu nikaenda kwa bibi peke yangu, jioni, nikiwa na kilo mbili za unga na aibu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, frateri. Karibu, kaa hapo."

Nikakaa. Nikamwambia yote, pamoja na ile "hapo hapo". Nikapiga magoti kumwomba msamaha, akanikataza, akasema sakafu ina majivu. Alikuwa anachambua ngano. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii niliona na jiko lilipo, na moshi ulivyopaka dari nyeusi.

"Lile doa," akasema, "lilikuwepo hata mzee wangu yu hai. Alikuwa anasema mwembe umeota surua."

Akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Miaka kumi na mbili amekufa mzee huyo. Rafiki wa botania, Swinscow, Schwendener, sarafu ya kupimia, na jibu la tangu lini lilikuwa limekaa kwenye kigoda hatua kumi kutoka mtini. Mimi, katekista, kigango kizima, hakuna aliyemuuliza.

Akanimiminia chai. Baada ya muda akauliza, "Na ile picha uliifuta?"

"Niliifuta, bibi. Siku ile ile."

"Ahaa."

Hakuniuliza zaidi, nami sikumweleza namna picha zinavyokaa kwenye simu za watu. Nilidhani hajui. Mwezi uliopita, nikiwa nimesharudi seminarini, binamu yangu wa Dodoma alinitumia picha. Gome, baka la kijivu, vidoa vyekundu, na kwenye kona ya juu kipande cha bati la bibi. Maandishi yalisema: "Mti wa damu, Sumbawanga. Tuma kwa watu kumi." Chini yake binamu alikuwa ameuliza, "Frateri, hii ni kweli?"